Saini za Wananchi na Idhini ya Bunge: Jimbo Lisilo na Haki ya Kura ya Maoni Lichague Njia Ipi?

Mara ya kwanza kuombwa saini ya aina hii nilikuwa natoka dukani Lowell, Massachusetts, mkono mmoja mfuko wa unga, mwingine funguo za gari. Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama kando ya mlango na karatasi iliyobanwa kwenye kibao. Hakuanza na siasa. Aliniuliza kwanza nimejiandikisha kupiga kura mji gani, kwa sababu kila karatasi ilikuwa ya mji mmoja na makarani wa mji huo ndio wangekagua majina. Kisha akanionya nisiandike chochote pembeni, kwa kuwa alama moja ya ziada inaweza kuharibu karatasi nzima pamoja na saini za wengine. Nilikuwa na uraia wa mwaka mmoja tu. Nilishika kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilipohamia Texas nilimtafuta mama wa aina ile, sikumpata. Si kwamba huku hatupigi kura ya maoni. Novemba 2023 tuliwekewa maswali 14 ya kurekebisha katiba ya jimbo, na Novemba 2025 yakawa 17. Ndiyo maana nikilianzisha jambo hili baada ya ibada, hakosi mtu wa kusema, "Ndugu yangu, mbona sisi tunaulizwa kila mara?" Ni kweli tunaulizwa. Lakini kila swali limetungwa na Bunge la jimbo, na jambo ambalo Bunge halitaki liulizwe halifiki kwenye karatasi ya kura. Kujibu swali la mwenzako na kuuliza lako mwenyewe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Karibu nusu ya majimbo 50 ya Marekani yamewapa wananchi haki ya kuuliza. Texas, New York, Pennsylvania, Iowa, Minnesota, Kentucky na mengine mengi wanakoishi Waswahili wenzetu hayajawapa haki hiyo ya kupeleka sheria zao kwenye kura. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wanaoishi huko, ili siku mjadala ukifika mlangoni tusishangilie tu neno "kura ya maoni", tujue tunaomba ya namna gani. Katiba mbili zinaweza kutoa haki ileile kwa maneno yanayokaribiana, na matokeo yakawa mbingu na ardhi.

Haki ni mbili

Kwa msomaji wa Tanzania, "kura za maoni" humkumbusha mchujo wa wagombea ndani ya chama. Hapa nazungumzia kura ya wapiga kura wote juu ya sheria yenyewe. Haki ya kwanza nitaiita hoja ya wananchi: watu wanaandika sheria, wanakusanya saini, inapigiwa kura. Ya pili ni kura ya kuzuia: Bunge limepitisha sheria, wananchi wanakusanya saini haraka, na sheria ile haianzi kutumika hadi wapiga kura waamue. Moja ni ya kuanzisha, nyingine ni breki. Maryland na New Mexico zina breki tu.

South Dakota ilitangulia mwaka 1898. Oregon ikafuata 1902 kwa juhudi za William U'Ren, aliyevutiwa na mfano wa Uswisi, na kwa muda mrefu utaratibu wote uliitwa kwa jina la Oregon. California ikaingia 1911 chini ya gavana Hiram Johnson, aliyeapa kuikomboa siasa ya jimbo kutoka mikononi mwa kampuni ya reli ya Southern Pacific. Wa mwisho kujiunga walikuwa Mississippi, 1992, na yaliyowapata nitayaeleza kwa kirefu mbele.

Watu wakilinganisha njia hizi huanza na swali la saini: zinatakiwa ngapi? Mimi nimeacha kuanzia hapo. Swali ninalotanguliza ni hili: wananchi wakishashinda, kesho yake nani ana ruhusa ya kuigusa sheria yao?

California: moja kwa moja hadi kwenye kura

Utaratibu wa California ni mwepesi kueleza. Unaandika sheria yako, mwanasheria mkuu wa jimbo anaipa kichwa na muhtasari, unakusanya saini ndani ya siku 180. Kwa sheria ya kawaida zinatakiwa saini sawa na asilimia 5 ya kura zilizopigwa kumchagua gavana. Kwa kurekebisha katiba, asilimia 8. Kwa hesabu ya uchaguzi wa 2022, hizo ni saini 546,651 na 874,641. Zikitimia, Bunge halina uwezo wa kuizuia hoja. Ikipata zaidi ya nusu ya kura, imekuwa sheria, na Bunge haliwezi kuibadilisha bila kurudi kwa wapiga kura, isipokuwa hoja yenyewe iwe imetoa ruhusa.

Mgala muue na haki yake umpe. Njia hii imewapa watu wa California nguvu ambayo sisi wa Texas tunaiota tu. Mwaka 1978 wenye nyumba, wengi wao wazee waliokuwa wakishindwa kulipa kodi ya majengo iliyopanda kila bei ya nyumba ilipopanda, walipitisha Hoja ya 13 iliyopelekwa na Howard Jarvis na Paul Gann. Kodi ikawekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo hairuhusiwi kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Bunge lilikuwa limelala. Watu wakajitetea wenyewe.

Lakini nenda leo kwenye mtaa wowote wa zamani huko. Nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja, zinagusana ukuta, moja inalipa kodi mara kadhaa ya nyingine kwa sababu tu mwenyewe kanunua juzi. Kila mtu anaiona kasoro hiyo, na haisahihishiki bila kampeni nyingine ya jimbo zima.

Mfano wa pili unatugusa zaidi, maana ndugu zetu wengi wanaendesha teksi za simu. Mwaka 2019 Bunge la California lilipitisha sheria iliyowafanya madereva wengi wa namna hiyo wahesabiwe kuwa waajiriwa. Uber, Lyft, DoorDash na wenzao wakajibu kwa Hoja ya 22 ya mwaka 2020. Upande wa makampuni ulitumia zaidi ya dola milioni 200, hoja ikashinda, na madereva wakabaki kuwa watu wa kujitegemea. Ndani ya hoja hiyo palikuwa na sharti kwamba Bunge likitaka kuibadilisha lipate saba ya nane ya kura za kila baraza. Mahakama Kuu ya California iliiacha iendelee kutumika mwezi Julai 2024. Silaha iliyotengenezwa 1911 dhidi ya kampuni ya reli sasa imo mkononi mwa kampuni.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na katiba ya jimbo haiwezi kukiondoa kisu hicho. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1978 kwamba makampuni yana haki ya kutumia fedha kwenye kura za namna hii, na mwaka 1988, katika kesi iliyotoka Colorado, kwamba jimbo haliwezi kukataza kuwalipa wakusanya saini. Kilichobaki ni kupunguza makali. Oregon ilikataza mwaka 2002 kulipa kwa idadi ya saini, mkusanyaji analipwa kwa saa. California inataka karatasi ya saini ioneshe wafadhili wakubwa. Zaidi ya hapo, mtunga katiba anachoweza kufanya ni kuchagua njia ambayo fedha peke yake haiwezi kuivuka kwa ghafla.

Massachusetts: kupitia mlango wa Bunge

Hapa ndipo moyo wangu uliko, nakiri mapema, na si kwa sababu ya yule mama peke yake.

Massachusetts iliingiza haki hii mwaka 1918, baada ya mkutano wa katiba uliojadiliana kwa muda mrefu. Wapiga kura kumi wanaanza. Mwanasheria mkuu wa jimbo anakagua kama jambo lenyewe linaruhusiwa, kwa sababu katiba imeyaweka pembeni mambo fulani: dini, majaji na mahakama, fedha za kupewa mradi maalumu. Kisha zinakusanywa saini za asilimia 3 ya kura za gavana, ambazo kwa sasa ni 74,574, na zisizidi robo kutoka kaunti yoyote moja. Mwezi Januari hoja inapelekwa Bungeni. Wabunge wana hadi Jumatano ya kwanza ya Mei. Wakiipitisha, kazi imekwisha. Wakikaa kimya au wakiikataa, wananchi wanarudi barabarani kutafuta saini nyingine kidogo, 12,429, ndipo inaingia kwenye kura ya Novemba. Ili ipite ipate kura nyingi kuliko za kuipinga, na kura za ndiyo zifike angalau asilimia 30 ya kura zote zilizopigwa siku hiyo.

Miezi ile minne ndiyo hazina ya njia hii. Mwaka 2018 palikuwa na hoja ya kupandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 15, nyingine ya likizo ya malipo kwa anayeuguza au aliyejifungua, na upande wa pili wenye maduka walikuwa na yao ya kupunguza kodi ya mauzo. Kila mmoja alikuwa na saini mkononi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpuuza mwenzake. Wakaketi. Mwezi Juni Bunge likapitisha sheria moja, gavana Charlie Baker akatia saini: mshahara upande hatua kwa hatua hadi dola 15 mwaka 2023, likizo ya malipo iwepo, wenye maduka waondolewe taratibu malipo ya ziada ya Jumapili na wapewe siku za kila mwaka za kuuza bila kodi. Hoja zikaondolewa kabla ya kufika kwenye kura. Wenzangu wengi wa Lowell wanaofanya kazi za kuwatunza wazee walipata nyongeza ile bila kuona tangazo moja la televisheni.

Ila sheria ya wananchi ikipita Massachusetts ni sheria kama nyingine. Bunge linaweza kuikata kesho yake. Mwaka 1998 karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliunga mkono fedha za umma kwa wagombea wanaokubali kikomo cha michango. Bunge halikutoa fedha. Kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 2002 magari ya serikali ya jimbo yakapigwa mnada ili wagombea walipwe. Mwaka uliofuata Bunge likaifuta sheria yote. Nikiwazia wale waliosimama kwenye baridi kukusanya saini, kisha wakaona mwisho wake ni mnada wa magari, nashindwa kusema kwamba utaratibu huu umekamilika.

Michigan walijaribiwa vibaya zaidi, na kwa mlango huohuo wa Bunge. Katiba yao inasema hoja ikipata saini, Bunge lina siku 40 za vikao za kuipitisha lenyewe. Septemba 2018 Bunge lilizipitisha hoja mbili, ya mshahara na ya likizo ya ugonjwa, na hivyo zikaondoka kwenye karatasi ya kura. Desemba, uchaguzi ukiwa umepita, Bunge lilelile likazidhoofisha kwa wingi wa kawaida: mshahara uliotakiwa kufika dola 12 mwaka 2022 ukasogezwa hadi 2030. Ilichukua hadi tarehe 31 Julai 2024 Mahakama Kuu ya Michigan kusema, kwa majaji 4 dhidi ya 3, kwamba hila hiyo inavunja katiba. Mfanyakazi wa hoteli alisubiri karibu miaka sita kwa sababu sentensi moja haikuandikwa.

Sentensi ya ulinzi

Arizona waliiandika. Baada ya Bunge kuidhoofisha hoja ya mwaka 1996 kuhusu dawa za kulevya, wapiga kura walirekebisha katiba 1998: Bunge haliwezi kufuta sheria ya wananchi, na likitaka kuibadilisha lipate robo tatu ya kila baraza, tena mabadiliko yaendeleze lengo la sheria ile. South Dakota, waliotangulia wote, hawana ulinzi huo. Mwaka 2016 walipitisha sheria ya maadili ya viongozi na fedha za kampeni. Februari 2017 Bunge likaifuta, likatangaza kuwa ni jambo la dharura, kwa hiyo hata kura ya kuzuia haikuwezekana.

Je, basi Arizona ndiyo jibu? Si moja kwa moja. Ulinzi wa milele unarudisha ugonjwa wa California: kosa la uandishi linaishi kuliko aliyeliandika. Kuna kati na kati ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Alaska inakataza Bunge kuifuta sheria ya wananchi kwa miaka 2, Nevada inalifungia Bunge kwa miaka 3. Muda huo unatosha sheria ianze kazi, watu waione, na wabunge wapite kwenye uchaguzi mwingine mbele ya waliopiga kura. Ningechukua muda huo, nikaongeza baada yake sharti la theluthi mbili.

Kuandika kila kitu ndani ya katiba

Florida hairuhusu wananchi kuandika sheria ya kawaida. Kilichopo ni kurekebisha katiba tu. Matokeo yake, mwaka 2002 kanuni kuhusu vizimba vya nguruwe wenye mimba iliingia kwenye katiba ya jimbo, kwa kuwa waliowahurumia wanyama hao hawakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Kisha mwaka 2006 kikawekwa kizingiti cha asilimia 60. Marekebisho yaliyoleta kizingiti hicho yenyewe yalipata chini ya asilimia 58. Mwaka 2024 hoja ya haki ya kutoa mimba ilipata asilimia 57 na kuanguka. Msomaji anaweza kuwa upande wowote wa jambo lile. Ninachomwomba aone ni kwamba mlango ulifungwa kwa kura chache kuliko zinazotakiwa kuufungua.

Hata hivyo siwezi kushauri jimbo lisiwe na njia ya kugusa katiba kabisa. Kuna mambo ambayo Bunge halitajirekebisha, na la kwanza ni mipaka ya majimbo ya uchaguzi, maana wabunge ndio wanaojichorea. Michigan watu wa kujitolea walikusanya saini zaidi ya 425,000 na mwaka 2018 wakaunda tume huru ya mipaka; hapakuwa na kampuni nyuma yao, kazi ya saini ilibebwa na majirani. Illinois jirani yao, katiba ya 1970 inaruhusu hoja juu ya muundo na taratibu za Bunge pekee. Walipojaribu jambo hilohilo la mipaka mwaka 2016, mahakama ikaiondoa hoja kwa majaji 4 dhidi ya 3, kwamba imevuka kamba.

Breki na tundu lake

Kura ya kuzuia huwa haina mvuto kama hoja, lakini ndiyo ninayoamini ingetusaidia haraka zaidi. Ohio mwaka 2011 Bunge lilipunguza haki za vyama vya wafanyakazi wa umma. Walimu, wazima moto na polisi wakakusanya saini, na Novemba wapiga kura wakaizima sheria hiyo kwa zaidi ya asilimia 60. Maine wanaiita veto ya watu, na mwezi Juni 2018 waliitumia kuzuia jaribio la Bunge la kuchelewesha utaratibu wa kupanga wagombea kwa nafasi ambao wao wenyewe walikuwa wameupitisha 2016.

Tundu lake liko Michigan tena. Novemba 2012 wapiga kura walikataa sheria iliyomruhusu gavana kuweka msimamizi wa dharura juu ya mji wenye madeni, akachukua mamlaka ya meya na madiwani. Mwezi uliofuata, Desemba 2012, Bunge likapitisha sheria inayofanana nayo, safari hii likiwa limetia ndani fungu la fedha. Katiba ya Michigan inasema sheria yenye fungu la bajeti haipigiwi kura ya kuzuia. Basi. Flint ilikuwa chini ya msimamizi wa dharura Aprili 2014 maji yalipohamishiwa Mto Flint, na watoto wakanywa maji yenye madini ya risasi yaliyotoka kwenye mabomba. Siwezi kuandika habari za vifungu vya katiba kana kwamba ni vya mawakili tu nikikumbuka hilo. Msamaha wa bajeti uwepo, serikali haiwezi kusimama bila matumizi, lakini uhusu bajeti yenyewe, usiwe kitambaa cha kufunikia sheria nyingine.

Saini zitoke wapi? Hesabu ya Mississippi

Wanaoishi vijijini huogopa kwamba mji mkubwa utaamua kila kitu. Ni hofu ya haki. Massachusetts inaijibu kwa kikomo cha robo kwa kaunti. Ohio inataka saini kutoka angalau kaunti 44 kati ya 88. Colorado, kwa marekebisho ya katiba, ilikwenda hadi mwisho mwaka 2016: asilimia 2 ya wapiga kura katika kila eneo la seneti, yote 35. Hapo eneo moja linaweza kuzuia 34, na asiyekuwa na fedha za kulipa watu katika kila kona hana nafasi. Wabunge wa Ohio walitaka jimbo lao lifuate mkondo huo kwa kudai kaunti zote 88 pamoja na asilimia 60 ya kura. Agosti 2023 wapiga kura walikataa.

Sasa Mississippi. Katiba yao ilisema saini kutoka eneo lolote moja la ubunge wa taifa zisizidi moja ya tano ya saini zinazotakiwa. Mwaka 1992 maeneo yalikuwa matano, hesabu ikakubali. Baada ya sensa ya 2000 jimbo likapoteza kiti kimoja, yakabaki manne. Fanya hesabu kwenye kiganja: tuseme zinatakiwa saini 100,000. Kila eneo haliruhusiwi kuhesabiwa zaidi ya 20,000. Maeneo manne mara 20,000 ni 80,000. Hata watu wote wa jimbo wakitia saini, 100,000 haifiki.

Hakuna aliyerekebisha. Hoja zikaendelea kupigiwa kura miaka yote hiyo. Kisha Novemba 2020 wakapitisha hoja ya bangi ya matibabu kwa kura nyingi, na tarehe 14 Mei 2021 Mahakama Kuu ya Mississippi, majaji 6 dhidi ya 3, ikaitupa hoja hiyo. Kwa sababu ileile, utaratibu wote ukafa pamoja nayo. Bunge lilijadili kuurejesha miaka iliyofuata, mabaraza mawili hayakukubaliana. Na ilikuwa mara ya pili kwao: haki waliyoipata 1914 ilitupwa na mahakama 1922. Kwa hiyo anayeandika kifungu hiki asiweke kamwe idadi inayoweza kubadilishwa na sensa. Aseme sehemu fulani ya maeneo "yaliyopo wakati huo", na aongeze kwamba kifungu kinajitekeleza chenyewe hata Bunge lisipotunga kanuni.

Kenya inatufundisha nini

Wakenya tuna kipimo chetu cha kulinganishia, Ibara ya 257 ya Katiba ya 2010. Inahitaji wapiga kura milioni moja, tume ya uchaguzi ikague, mswada uende kwenye mabunge ya kaunti 47, upite angalau 24, kisha Bunge la taifa. Na ukigusa mambo mazito kama mamlaka ya wananchi au ugatuzi, lazima kura ya maamuzi. Kampeni ya Okoa Kenya ilikwama 2016 kwa saini halali kupungua milioni. Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot, kiongozi wa chama kidogo cha Thirdway Alliance, ilivuka saini 2019, ikafia kwenye mabunge ya kaunti. BBI, mpango wa maridhiano wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ilipita kaunti zaidi ya 40 na Bunge, kisha mahakama zikaisimamisha, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia ya wananchi.

Linganisha uone. Iliyokwenda mbali kuliko zote ilikuwa na Ikulu nyuma yake, na iliyokuwa ya chama kidogo ilikufa kwa wanasiasa wa kaunti. Njia yetu ina milango mingi, na funguo zake nyingi ziko kwa viongozi. Massachusetts wanapita mlango mmoja wa Bunge, na Bunge likikataa wananchi bado wana njia ya kuzunguka. Hilo ndilo ningelichukua kutoka kwao hata kama ningeacha mengine yote. Kutoka Kenya ningechukua swali ambalo majimbo ya Marekani hayajalijibu: mwananchi ni nani katika hoja ya wananchi? Mahakama yetu ilisema Rais hahesabiwi humo. Hapa Marekani kampuni inaingia mlangoni na kuketi.

Ningechagua nini

Kama jimbo lenu lina Bunge ambalo huwa linasikiliza ila linachelewa, chukueni njia ya Massachusetts, na chini yake mwandike ulinzi wa miaka 3 na theluthi mbili. Andikeni pia kwamba Bunge likiipitisha hoja lenyewe, ulinzi huo unaifuata, ili hila ya Michigan isiwezekane. Kama Bunge lenu limejichorea mipaka na halitishiki na uchaguzi wowote, hiyo haitatosha; hapo mnahitaji pia hoja ya kurekebisha katiba, kwa saini nyingi zaidi lakini kwa wingi wa kawaida wa kura, au kama Nevada, ipigiwe kura mara mbili katika chaguzi mbili. Nevada inanivutia: inawapa watu miaka miwili ya kufikiri bila kumpa mtu yeyote veto.

Kwa saini, asilimia 5 na muda mrefu ni bora kuliko asilimia 3 na wiki chache. Muda mfupi ni zawadi kwa mwenye fedha, maana yeye hununua mikono 1,000 kwa mwezi mmoja, na mama wa Lowell ana Jumamosi zake tu. Kama mtalazimika kupata kimoja kati ya hoja na kura ya kuzuia, mimi ningeanza na breki, tundu la bajeti likiwa limezibwa.

Na mlango wa kuingilia ni upi? Texas, pendekezo la kurekebisha katiba linahitaji theluthi mbili ya kila baraza, yaani wabunge 100 kati ya 150 na maseneta 21 kati ya 31, ndipo liletwe kwetu. Tunawaomba walio na ufunguo watuchongee nakala. New York huwauliza wapiga kura kila miaka 20 kama wanataka mkutano wa katiba. Walikataa 2017, wataulizwa tena 2037. Iowa huulizwa kila miaka 10, katika mwaka unaoishia na sifuri. Swali hilo litakuwa kwenye karatasi ya kura ya Novemba 2030, na ndugu zangu wa Des Moines wanaweza kuanza kulizungumzia Jumapili hii.